Fomu za wahusika nimezijaza zote, lakini wote wanaongea kama mtu mmoja

KalamuButu

Wakuu, habari za humu. Naandika riwaya fupi, nimelenga maneno 45,000 hivi, na niko sura ya nne. Mhusika mkuu ni Nahida, mpima ardhi wa miaka 34. Bosi wake, Mzee Kombo, anamtaka asogeze bikoni moja (alama ya mpaka) kwenye ramani ili mpaka wa kiwanja umfae mtu mwingine. Wahusika wenye majina ni sita, na kila mmoja nimemjazia fomu ya maswali mia moja: rangi anayoipenda, nyota yake, anacholala nacho kichwani, ndoto ya utotoni, vyote.

Waliosoma sura tatu za mwanzo wamerudi na malalamiko mawili. La kwanza, wahusika wote wana sauti moja. La pili, Nahida "tumeshamsoma mahali": jasiri, mkweli, yatima, anapambana na wakubwa. Na sijamnakili mtu. Nimuongezee nini awe wangu kweli? Nilifikiria kovu usoni, au kipaji fulani kisicho cha kawaida.

---

Mhariri wa Usiku

Usimuongezee kitu. Mpunguzie.

Kovu ni la kumtambulia tu, kama namba ya gari. Halimsukumi kuamua lolote. Na "jasiri", "mkweli" ni hukumu ambazo msomaji anatakiwa azitoe mwenyewe akishamwona mtu akitenda. Ukimkabidhi hukumu ikiwa imeshaandikwa, umemnyang'anya kazi yake, naye anaijaza nafasi hiyo na mhusika wa kwanza anayemkumbuka. Ndiyo maana wanasema wameshamsoma.

Ile fomu ipitishe kwenye chujio moja. Chukua kila jibu, ligeuze kinyume, kisha uliza ni tukio gani linabadilika. Rangi anayoipenda ikitoka bluu ikawa kijani na hakuna kinachotikisika, futa. Utabakiwa na majibu machache sana, na hayo ndiyo mhusika.

Baada ya hapo tafuta mambo matano: anataka nini, kabla ya lini, nani kashika ufunguo wa hicho anachokitaka, anaogopa kupoteza nini, na ni imani gani potofu anayoishi nayo bila kujua. Anachokitaka kiwe kitu unachoweza kukipiga picha. "Anataka haki" haipigiki picha. "Anataka leseni yake mwenyewe ya upimaji kabla Mzee Kombo hajastaafu, kwa sababu fomu inahitaji saini ya Kombo" inapigika: kuna karatasi, kuna muda, kuna mkono wenye kalamu. Na angalia kilichotokea: anayemwomba asogeze bikoni ndiye mwenye saini. Mgogoro wako ulikuwa na ufizi mtupu, sasa umeota meno.

Kisha ukinzani, ambako wengi huteleza. Wanaokota sifa mbili zisizojuana na kuzifunga pamoja: "ni mkali lakini anapenda paka." Hilo ni pambo. Ukinzani wenye uhai huota kutoka mzizi mmoja. Kwa Nahida jaribu hivi: kazini hawezi kuandika kipimo kabla hajakipima kwenda na kurudi, lakini kwenye simu anadanganya bila kupepesa, anasema yuko njiani wakati hata viatu hajavaa. Inawezekanaje? Kwa sababu anaamini kilichoandikwa ndicho kweli, na cha mdomoni ni upepo. Sentensi hiyo moja inazaa tabia zote mbili, na inakupa msuko bure: mahali fulani kwenye sura ya tisa au ya kumi mpeleke mbele ya karatasi yenye mhuri inayosema uongo na bibi kizee asiye na karatasi yoyote anayesema kweli kuhusu mpaka ulipokuwa. Hapo hatachagua kati ya wema na ubaya. Atachagua kati ya imani yake na macho yake.

Uyatima wake nao uulize unafanya kazi gani. Mara nyingi wazazi hufa kwenye riwaya kwa sababu mwandishi hakutaka kuwaandika. Mfufue mama. Bila mama, simu za uongo atampigia nani?

Ukimaliza, fanya jaribio la kubadilishana. Chukua tukio zito kuliko yote, mwondoe Nahida, muweke mhusika mwingine yeyote kwenye nafasi yake. Tukio likienda vilevile, ulichokuwa nacho ni kiti kilichoandikwa jina.

---

Dada Kitenzi

Hapo juu pamenenwa, mimi nitashika suala la sauti.

Sauti moja husababishwa na mambo mawili: wote wanaongea sentensi kamili, na wote wanajibu swali waliloulizwa. Watu hawaongei hivyo. Kwa kila mhusika amua mambo manne tu: sentensi zake zina urefu gani, akibanwa anakwepa vipi, mifano yake anaichota wapi (mpima atafananisha vitu na pembe na umbali, mpishi hatafanya hivyo), na neno gani halitoki kinywani mwake kamwe. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko yote na watu hulisahau.

Mzee Kombo, kwa mfano, asiseme "nataka" hata mara moja katika kitabu kizima. Kiswahili kimekupa silaha ya bure hapa, kauli ya kutendwa. "Imeamuliwa." "Vitaangaliwa upya." "Itasogezwa." Mtenda haonekani, na mtu mwenye madaraka anapenda kutoonekana. Nahida yeye muweke kwenye kauli ya kutenda na tarakimu: nimepima, nimeandika, mita tatu.

Kwa kukisia, mazungumzo yako sasa yako hivi:

"Nahida, nataka uisogeze ile bikoni kwa mita tatu."
"Siwezi, Mzee, kwa sababu si haki."
"Usipofanya hivyo sitasaini leseni yako."

Kila mtu kasema alichonacho moyoni, msomaji hana pa kuingia. Linganisha:

"Ile fomu yako nimeiona mezani."
"Ina siku kumi na nane, Mzee."
"Karatasi hazina haraka. Kile kiwanja cha pembeni, vipimo vyake vitaangaliwa upya."
"Nimeshavipima. Mara mbili."
"Vitaangaliwa upya, mwanangu."

Hakuna bikoni, hakuna tishio, hakuna neno haki. Lile "mwanangu" ndilo kofi. Mhusika anayemwita mwenzake mkuu, mwanangu, dada au kwa jina tupu anakuwa ameshapanga nani yuko juu ya nani, kwa hiyo andika orodha ndogo: kila mtu anamwitaje kila mtu, na siku akibadilisha namna ya kuita iwe kuna sababu. Kombo akimwita "Bi Nahida" kwenye sura ya kumi na mbili, msomaji ataingiwa na ubaridi bila wewe kueleza chochote.

Kipimo: chukua kurasa mbili za mazungumzo, futa kila "alisema fulani", zifungie siku mbili, kisha rudi uandike pembeni nani anaongea. Ukikosea zaidi ya mara mbili, sauti bado hazijatengana.

Tahadhari mbili. Usimtofautishe mtu kwa kumpa "yaani" kwenye kila sentensi. Kufikia ukurasa wa tatu msomaji atatamani afe. Na usiandike lafudhi kwa kuharibu tahajia. Maneno anayochagua na mpangilio wake vinatosha, na msomaji hatalazimika kusoma kwa sauti ili aelewe.

Kingine ambacho fomu za kutafsiriwa hazikigusi: "yeye", "a-" na "-m-" zetu hazisemi ni mume au mke. "Alimtazama, akampa karatasi yake." Nani kampa nani, karatasi ya nani? Kwenye tukio la watu watatu utapotea. Mnyororo wa -ka- msomaji huusoma kama wa mtenda mmoja, kwa hiyo mtenda akibadilika anza sentensi mpya na umtaje kwa jina au kwa cheo. Faida yake ni kwamba unaweza kuficha jinsia ya mtu sura nzima bila ujanja wowote, mradi ukwepe mitego kama ameoa na ameolewa, shangazi, kaka.

---

DaftariJeusi

Napingana kidogo na Mhariri kuhusu fomu. Chuja, sawa, lakini usiitupe. Igeuze iwe daftari la mwendelezo, na kanuni yake ni moja: linajazwa baada ya kuandika. Kabla ya kuandika unajaza ndoto. Baada ya kuandika unasajili ulichokwisha kumwahidi msomaji, pamoja na namba ya sura.

Makosa yanayokamatwa humo ni ya hesabu zaidi. Nahida ana miaka 34. Kama alianza kazi akiwa na 22, ana miaka 12 kazini. Sura ya pili ikisema "miaka kumi na tano ya jua na vumbi", umemuanzisha akiwa na 19, kabla hajamaliza mafunzo. Andika mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, si umri, maana umri unahama hadithi ikivuka mwaka. Andika pia mkono anaoandikia, upande wa kovu (kama utang'ang'ania kovu), nani anavaa miwani.

Safu iliyo muhimu kuliko hizo zote ni hii: nani anajua nini, tangu sura gani, kaambiwa na nani. Hadithi yenye siri hufia hapo. Mtu anashtuka kwa habari aliyoisikia sura mbili nyuma, au anamtuhumu mwenzake kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Msomaji anaweza kusamehe umri uliokosewa, hili hasamehe.

Halafu, si wote sita wanaohitaji mzizi. Mgawanyo wa wahusika bapa (wa sifa moja tu) na wahusika duara (wenye pande nyingi) tunaoutumia madarasani ulitoka kwa mwandishi wa riwaya E. M. Forster, katika mihadhara yake Cambridge mwaka 1927, na watu husahau kwamba hakuwatukana wahusika bapa. Alisema wanatambulika haraka wakitokea na wanakumbukika kirahisi. Kipimo chake cha mhusika duara kilikuwa kama anaweza kumshangaza msomaji, na msomaji akaamini. Kwa maneno 45,000, duara wawili wanatosha, watatu ni wengi. Waliobaki mpe kila mmoja hamu moja ndogo ndani ya tukio lenyewe. Karani wa masijala anataka kufunga ofisi mapema. Basi. Hamu hiyo itamfanya aburute funguo mezani wakati Nahida anatafuta faili, na atakuwa hai zaidi ya aliyejaziwa maswali mia.

---

KalamuButu

Asanteni sana, nimeshaanza kukata. Jaribio la kubadilishana limeniumbua: tukio la masijala, nikimuweka Rehema (rafiki yake, mpima mwenzake) badala ya Nahida, linaenda vilevile hadi nukta ya mwisho. Nimfute?

Na Mzee Kombo? Kwa sasa ni mla rushwa tu. Swali la mwisho: nikishampa Nahida huo mzizi wa karatasi na upepo, halafu nikakuta kuna mhusika wa hivyo mahali, nimeiba?

---

Mhariri wa Usiku

Rehema usimfute kwanza, mjaribu kama foili. Neno hilo lilitoka kwa masonara waliokuwa wakiweka bati jembamba chini ya kito ili king'ae. Ukisikia "mhusika wa kumulika mwenzake" watu hukimbilia kumfanya kinyume kwa kila kitu: mmoja mrefu mwingine mfupi, mmoja mpole mwingine mkali. Haimuliki hivyo. Foili anafanana na mwenzake karibu kwa yote, na wanaachana mahali pamoja tu. Rehema awe na umri uleule, kazi ileile, bosi yuleyule, hata fomu ya leseni inasubiri saini ileile. Ila yeye anaamini neno la mdomo ndilo kifungo, karatasi ni utaratibu tu wa ofisi. Kwa hiyo atasaini ramani ya uongo bila kukosa usingizi, na hatamdanganya rafiki yake hata akibanwa. Waweke chumba kimoja na swali moja, "Umesaini?", na tukio litajiandika. Kama kitabu hakina nafasi ya matukio kama matatu ya namna hiyo, basi muunganishe na mhusika mwingine mdogo, wawe mtu mmoja.

Kombo: mla rushwa tu hana uzito kwa sababu Nahida hana cha kupoteza akimkatalia zaidi ya kazi. Mpe yale matano kama ulivyompa Nahida, kisha andika ukurasa mmoja kwa nafsi ya kwanza, Kombo akijitetea, na usiruhusiwe kumfanya mjinga. Ukurasa huo hauingii kitabuni. Ni wa kukulazimisha umtafutie sababu ambayo mtu mwenye akili ataitikia kwa kichwa.

Kazi yenyewe ya upimaji inakupa sababu nzuri. Kiwanja hupimwa kikitegemea alama zilizotangulia. Alama ya mwanzo ikikosewa, kosa linarithiwa na kila kilichopimwa kutokea hapo. Tuseme Kombo, akiwa kijana, ndiye aliyeikosea ile bikoni. Akisema ukweli leo, mipaka ya viwanja vyote vya mstari ule inaingia mashakani, na watu wamejenga. Akiisogeza moja kimya kimya, anaumia jirani mmoja. Sasa si mla rushwa. Ni mtu anayepiga hesabu ya madhara na kuona wengi wanaokoka, na hesabu yake, ambayo kwa bahati mbaya inamwokoa na yeye pia, haina kosa dhahiri. Nahida anapenda hesabu. Atamjibu nini?

Kuhusu kuiba: wazo halina mwenyewe. Mkataba wa TRIPS wa 1994 (wa kimataifa, kuhusu haki miliki), ibara ya 9, unasema wazi kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Mnyonge kupambana na wakubwa ni mali ya kila mtu. Tatizo huanza ukichukua fungu zima kutoka kwa mhusika mmoja: jina linalokaribiana, sura, namna ya kuongea, watu wanaomzunguka. Kujikagua, mweleze mhusika wako bila majina katika sentensi moja yenye sehemu tatu: ni nani, anaamini nini, analazimishwa kufanya nini. Mbili zikilingana na za mhusika maarufu, tulia. Zikilingana zote tatu, badilisha imani kwanza, kwa sababu imani ikihama hizo nyingine zinaifuata zenyewe. Ukibadilisha kazi au mji peke yake umembadilishia nguo tu.

---

Mnong'ono

Nyongeza ya majina, fupi. Nahida na Rehema: silabi tatu tatu, zote zinaishia na -a, wote wapima, wote wanawake. Na kama Dada Kitenzi alivyosema, "a-" haitakusaidia kuwatenganisha, kwa hiyo mzigo wote uko kwenye jina. Mmoja apate jina la silabi mbili lenye mwisho tofauti. Andika majina yote sita wima kwenye karatasi: herufi za mwanzo zisijirudie, na yasiwe na mdundo mmoja.

Majina ya majazi yatumie kwa kiasi. Bahili akiitwa Mkonobirika, msomaji ameshajua mwisho wake kabla hajafungua mdomo. Kwenye kichekesho inafaa. Kwenye hadithi kama yako, kama lazima jina liseme kitu, liseme kile ambacho wazazi walitumaini, kisha mwenye jina ashindwe kulibeba.

---

KalamuButu

Rehema sasa anaitwa Zuwe. Mama amefufuka. Hii hapa aya mpya ya ufunguzi, pigeni:

*Simu iliita mara ya tatu. "Niko njiani, mama," Nahida alisema, mguu mmoja ndani ya soksi. Akaibana simu begani, akavuta daftari la vipimo. Kwenda, mita 47.32. Kurudi, mita 47.31. Akaizungushia duara ile sentimita moja, akaizungushia tena. "Nimeshafika kwenye kona," alisema. Nahida alikuwa mtu mkweli sana katika kazi yake, lakini katika maisha ya kawaida hakuwa hivyo.*

---

Dada Kitenzi

Sentensi ya mwisho ifute, sentimita moja na kona vimeshaisema. "Alisema" zote mbili ziondoe pia, tunajua nani ana simu.

Tatizo lililobaki ni mama. Kwa sasa ni sikio tu upande wa pili. Mpe mstari mmoja, na uwe mstari wa mtu anayemjua binti yake kwa miaka 34. Baada ya "Nimeshafika kwenye kona", anyamaze kidogo, halafu aulize:

"Umeshavaa viatu?"